Kiapo cha Kutoitaka Detroit

Nchi yenyewe siitaji jina. Si kwa uoga. Jina lake limebadilishwa mara nyingi, na kila likibadilishwa tunaambiwa tulisahau lile la zamani, nami kwa utii wangu nimeyasahau yote. Jueni tu kwamba ni nchi ya watu walioridhika. Tuna hata Wizara ya Kuridhika, jengo refu pale karibu na stendi ya zamani. Lifti yake haipandi wala haishuki, lakini imepakwa rangi nzuri ya maziwa, na ukiingia ndani kuna kiti.

Mambo yalianzia kwenye belo la mitumba. Mfanyabiashara mmoja wa sokoni, Ngwilizi, alifungua belo la makoti ya kike kutoka Marekani. Katika mfuko wa koti moja la zambarau, lenye vifungo vikubwa kama visosi, akakuta ukurasa wa gazeti uliokunjwa. Kwa juu ulikuwa umechanika, hivyo haikujulikana ni wa mwaka gani. Akampelekea mwalimu. Mwalimu akausoma, akausoma tena, akatoka nao mbio bila kuvaa viatu.

Gazeti hilo lilikuwa limewauliza Wamarekani: katika miji mikubwa ya nchi yenu, ni ipi ambamo kamwe msingependa kuishi? Nao walijibu. Walitaja mji mmoja baada ya mwingine, kwa majina, na chini hapakuandikwa kwamba kuna yeyote aliyeitwa polisi.

Jua halijazama, ukurasa ukawa mezani kwa Waziri wa Kuridhika, Mheshimiwa Gervasi Lukuba. Wasaidizi wake walisema alilia. Lazima muelewe shida yake. Kila alfajiri alipokwenda ofisini alipita mbele ya ubalozi wa Marekani, na kila alfajiri aliukuta mstari wa vijana wetu umezunguka ukuta mara mbili, wote wakiwa wameridhika na hali, lakini wanataka viza.

Jioni hiyo hiyo alizungumza redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, na sauti ilitetemeka vizuri, "kwa muda mrefu mmewatamani watu wa Shikago. Mmewatamani watu wa Nyuyoki. Leo nawaambia, tena kwa ushahidi wa koti, kwamba miji hiyo wenyewe hawaitaki! Je, wewe mwananchi wa nchi hii tukufu, utataka kitu ambacho mwenyewe hakitaki?"

Sisi tuliokuwa tumevaa makoti ya Ngwilizi tukatazamana.

Ikatoka sheria. Kila anayetaka kusafiri kwenda Marekani atasimama kwanza mbele ya Kamati ya Kutotamani ya kata yake, majirani wakisikia, aape kwamba hataki kuishi katika mji anaokwenda, na atoe sababu. Akiapa vizuri anapigiwa makofi na anapewa ruhusa. Akiapa vibaya anabaki. Tuliona ni jambo jepesi. Kutotaka kitu ambacho huna ni kazi tuliyoizoea.

*

Kamati yetu ilikaa ndani ya ghala la zamani la pamba. Mwenyekiti alikuwa Ndugu Zakayo Mbelwa, mtu mnene mwenye sauti nzuri, aliyesomeshwa na serikali mambo ya uvuvi wa bahari kuu, ingawa nchi yetu haina bahari. Walimtunza wakisubiri ipatikane.

Wa kwanza kuapa alikuwa kijana Lugano, aliyekuwa anakwenda kusoma Hyuston.

"Mimi, Lugano, sitaki kuishi Hyuston," akasema kwa nguvu, mkono juu.

"Safi. Sababu?"

"Kwanza joto, mheshimiwa. Pili, mvua kubwa ikinyesha maji yanaingia mpaka ndani, watu wanapanda juu ya meza."

Sasa, siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Wanakamati wote walikuwa wamepandisha miguu kwenye viti, na viatu vya mwenyekiti, vile vyeusi vyenye ncha, vilikuwa vinaelea pole pole kuelekea mlangoni.

"Kijana," mwenyekiti akauliza, "unasema Hyuston, au unasema tu?"

"Nasema Hyuston, mzee."

"Mbona unatazama viatu vyangu?"

"Vinapita, mzee."

Lugano alikamatwa kwa kosa jipya, lililotungwa pale pale kabla viatu havijafika nje. Liliitwa Kufananisha.

Akafuata mama mmoja wa kwenda Los Anjelesi. Alisema hautaki mji huo kwa sababu ya foleni za magari. Kamati yenyewe ilikuwa imechelewa kufika asubuhi hiyo, kwa kuwa barabara ilifungwa ili Waziri aende kunyoa. Akakamatwa. Akaja fundi cherehani wa Nyuyoki, akataja panya, na panya hawana adabu, mmoja akapita. Fundi akajaribu kujiokoa kwa kutaja kodi za nyumba, na hapo watu wote kwenye mabenchi wakaguna, "Eeeeh!" Mguno huo ukachukuliwa kuwa ushahidi, benchi zima la mbele likaondoka na askari. Mwingine alikuwa wa Filadelfia. Alipofungua tu mdomo kusema takataka, mwenyekiti akanyoosha mkono akafunga dirisha.

Basi wizara ikatoa mwongozo. Ilipiga marufuku kuusema vibaya mji wowote wa Marekani kwa sababu ya joto, mafuriko, foleni, panya, kodi, takataka, giza, wezi, mashimo barabarani, au viongozi. Ilitakiwa sababu ambayo sisi hatuna kabisa. Wataalamu walifungiwa hotelini ziwani wakiitafuta, wakala samaki wengi, na mwisho wakarudi nayo. Ni theluji.

Tangu hapo kila mji wa Marekani ukawa na theluji. Mwalimu wa jiografia aliinuka kwenye mkutano akauliza habari za Mayami, maana vitabu vyake vilisema kule ni joto mwaka mzima. Akajibiwa kwamba Mayami kuna theluji ya siri. Akashukuru, akakaa.

*

Tatizo likawa kwamba watu hawaijui theluji, na huwezi kukichukia vizuri kitu ambacho hujakiona. Waziri akaagiza tuonyeshwe. Lilitolewa bonge la barafu kwenye kiwanda cha soda, kubwa kama ng'ombe aliyelala, likafunikwa kwa magunia na pumba za mbao, likaletwa kwa mkokoteni mpaka uwanja wa mpira. Tuliitwa sote. Watoto wa shule walikuwa na wimbo.

Mheshimiwa Lukuba akapanda jukwaani, barafu ikiwa nyuma yake kwenye jua, akaanza kuhutubia. Alianzia mbali, enzi za mababu, waliokaa bila theluji na wakafika walikofika. Akaja kwenye uhuru. Akapita kwenye mafanikio ya wizara, hakuacha hata moja, akirudia yale machache mara kwa mara. Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Tazameni wenyewe ukatili huu!" akasema. "Tazameni kitu kinachowatesa watu wa Shikago mchana na usiku!"

Tukatazama. Akageuka. Pale palikuwa na magunia matupu yaliyolowa, na wanawake wameinama wanachota, mwingine kwa kikombe, mwingine kwa kanga anakamulia ndooni. Mabomba yetu yalikuwa hayajatoa maji tangu Idi ya mwaka uliopita.

"Mnafanya nini nyinyi?" Waziri akapiga kelele.

Mwanamke mmoja akasimama na ndoo yake kichwani, akapiga goti kidogo kwa heshima, bila kumwaga.

"Tunaichukia, mheshimiwa," akasema. "Iletwe tena Jumanne tuichukie vizuri, leo wengine hatukufikiwa."

*

Katika hali hiyo ndipo zamu ya Bi Mashavu ilipofika.

Bi Mashavu ni jirani yangu. Ukuta wa jiko lake ndio ukuta wa bafu langu, kwa hiyo najua anapika nini naye anajua naoga lini. Mwanawe mmoja tu, Kidawa, aliolewa na kijana anayeunda magari Detroit, akamfuata huko. Kidawa alibeba mimba, ikatoka. Akabeba nyingine, ikatoka. Hii ya tatu ilikuwa imeshika, imefika miezi yake, na daktari alisema safari hii mtoto atakuja.

Akampigia mama yake simu, nami nasikia.

"Mama, njoo. Nikizaa bila wewe nitakandwa na nani? Huku mzazi akitoka kujifungua wanampa maji ya barafu anywe!"

"Barafu?" Bi Mashavu akashika kifua. "Ya kunywa? Mzazi?"

"Wanamletea kwenye glasi, mama. Na mrija."

Bi Mashavu hakulala vizuri tangu siku hiyo. Tiketi ilikuja, naye akafunga mzigo wake: pilipili manga na tangawizi kavu za uji, samli kwenye kopo la maziwa, mdalasini, ubani, na mkaja, ile kanga nzito ya kumfunga mzazi tumbo, aliyofungwa yeye mwenyewe alipomzaa Kidawa. Alikuwa ameifua na kuianika mpaka imelainika kama shavu la mtoto. Ilibaki kuapa tu.

Nikamwambia, "Shoga, ni maneno machache. Unasimama, unasema sitaki kuishi Detroit kwa sababu ya theluji. Basi. Unakaa."

"Siwezi."

"Huwezi nini? Theluji unaogopa kuitaja?"

"Wewe si mgeni wa mambo haya," akasema. Alikuwa anachambua mchele, na hakuinua uso. "Mtu anayekwenda kumpokea mtoto hautii ubaya uwanja atakaoshukia. Ukisema pale pabaya, mtoto naye anaona pabaya, anageuza. Wawili wamegeuza. Huyu simpi sababu."

Kwetu mwiko huo upo, ni kweli. Mlezi wa mzazi akiingia hata kwenye kibanda kinachovuja, husema, "Nyumba gani hii, nzuri, ina nuru." Nimewahi kumsikia mmoja akisifia mvujo.

"Basi sema kwa mdomo, moyoni usiseme," nikamwomba.

"Mtoto anasikia moyo, shoga? Anasikia mdomo."

"Usiposema hutakwenda! Mwanao atanyweshwa barafu kwa mrija!"

Hapo mikono yake ikasimama juu ya ungo. Akalia, machozi yakaangukia mchele, lakini jibu lake likabaki lile lile.

*

Siku ya kiapo ghala lilijaa. Bi Mashavu alivaa kanga mpya, mzigo wake ameuweka mlangoni umeshafungwa kamba.

"Bi Mashavu," mwenyekiti Zakayo akaanza, "unakwenda Detroit. Unataka kuishi Detroit?"

"Nakwenda kumlea mzazi. Arobaini ikiisha, narudi kwangu."

"Kwa hiyo hutaki kuishi huko."

"Sijasema."

"Kwa hiyo unataka!"

"Sijasema, baba. Detroit ni mji mzuri, una nuru, Mungu auzidishie."

Ghala zima likavuta pumzi. Mjumbe mmoja akadondosha kofia. Tangu kamati iundwe hakuna aliyewahi kuuombea dua mji wa kigeni mbele yake.

"Mama, usinitafutie balaa!" mwenyekiti akanong'ona, lakini ana sauti nzuri, tukasikia sote. "Sema neno moja tu. Theluji. Hata kwa kukohoa."

"Ni mwiko, baba. Mtoto yuko njiani."

"Miiko ya kizamani! Serikali haina miiko!"

Bi Mashavu akamtazama kwa utaratibu, kama anavyotazama mchele.

"Basi tangulia wewe, Zakayo, nami nitafuata. Yusta wako si yuko Hyuston? Utukane mji wake tusikie, halafu mimi nitautukana wa Kidawa."

Sote tulimjua Yusta. Alipoondoka, mwenyekiti alichinja ng'ombe akafunga turubai, na kwenye turubai palining'inizwa picha ya ndege. Zakayo akajikohoza, akainua mkono.

"Mimi, Zakayo, sita—"

"Zakayo!"

Alikuwa mke wake, Mama Yusta, amesimama juu ya benchi la nyuma, kiatu kimoja mkononi.

"Malizia neno hilo uone leo utalala wapi! Mwanangu ana tumbo la miezi sita, wewe unafungua hilo domo lako la uvuvi!"

"Mama Yusta, hii ni kamati..."

"Kamati itamzalia? Nakuuliza, kamati itamzalia?"

Mwenyekiti akawageukia wajumbe wenzake wamsaidie, aape mwingine yeyote. Mmoja akaanza kufunga kamba za kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Mwingine akatazama dari. Tulikuwa tunajua: wa kwanza ana watoto wawili Shikago, wa pili ana mmoja Dalasi, na yule wa kofia ana binti Atlanta anayemtumia dawa za presha. Hakuna mjumbe aliyekuwa na mtoto hapa kwetu, isipokuwa mmoja, na huyo mtoto alikuwa amekwenda ubalozini.

Kamati ikatoka nyuma ya ghala kushauriana. Mama Yusta akaifuata bila kualikwa. Tulisikia sauti yake, kisha tukasikia sauti yake tena, kisha wakarudi.

Mwenyekiti akasoma hukumu akiwa amesimama. "Kwa kuwa mshtakiwa Bi Mashavu amekataa kutotaka, kinyume cha sheria, kamati inamhukumu adhabu kali. Atapelekwa Detroit, kwenye theluji, akaishi huko mpaka arobaini iishe. Na akimaliza, asirudi kwanza. Apitie Hyuston, akatumikie adhabu nyingine kama hiyo hiyo."

"Na uji," Mama Yusta akasema kwa nyuma.

"Pamoja na uji," akaongeza mwenyekiti.

Bi Mashavu alikaa chini pale pale akalia kwa sauti. Wajumbe walidhani ni uchungu wa adhabu, wakaridhika kwamba sheria imeuma. Tukamsindikiza mfungwa wetu mpaka uwanja wa ndege kwa vigelegele, askari wawili wakibeba samli.

*

Kesho yake, alfajiri, mstari mbele ya ubalozi haukuwapo. Waziri alipita pale akatabasamu kwa mara ya kwanza. Hakujua kwamba mstari umehamia kwenye ghala letu la pamba.

"Mimi nakataa kuapa!" alikuwa anapiga kelele wa mbele. "Nakataa kabisa, andikeni!"

"Mimi nimekataa kabla yake, muulizeni!"

"Acheni kusukuma, kuna wakosaji wazee hapa!"

"Nihukumuni Shikago! Na kama kosa langu ni kubwa, nihukumuni na mke wangu!"

"Mheshimiwa, mke wake hajakosa, mimi ndiye nimekosa!"

Mwenyekiti Zakayo alijifungia ndani. Ilibidi Mheshimiwa Lukuba aje mwenyewe, na vipaza sauti, na bendi ya polisi. Akapanda juu ya gari. Alikuwa amekasirika kiasi cha kusahau kuanzia enzi za mababu.

"Nyinyi mmeigeuza adhabu kuwa starehe!" akanguruma. "Sasa nasema hivi, na sheria inabadilika nikiwa bado nimefungua mdomo! Kuanzia leo, atakayekataa kuapa hapelekwi kokote. Adhabu yake itakuwa kuishi hapa hapa! Katika mji huu huu! Maisha yake yote!"

Akainua mkono kungoja makofi.

Makofi hayakuja. Tulisimama tu, tumeshika ndoo zetu za kutafutia maji. Kisha mzee mmoja wa pembeni, fundi baiskeli, akavua kofia.

"Mheshimiwa," akauliza kwa upole, "na sisi tulioapa vizuri, tumekosa nini?"

Waziri akamtazama katibu wake. Katibu akaitazama bendi, na bendi ikapiga.

*

Haikupita muda mrefu, simu yangu ikalia. Kabla ya salamu nikasikia sauti ya mtoto, nyembamba, yenye hasira, ya mtu aliyefika mahali anapotaka kukaa.

"Unamsikia?" Bi Mashavu akasema, naye analia na kucheka. "Wa kike, shoga. Hakugeuza. Amekuja na nywele zake zote."

Nikapiga kigelegele nikiwa bafuni, peke yangu.

"Na Kidawa?"

"Nimemkanda, nimemfunga mkaja, uji amekunywa bakuli mbili. Ile glasi ya barafu waliileta. Nimeimwaga kwenye sinki, nesi akanitazama, nami nikamtazama. Hajaileta tena."

"Theluji je, umeiona?"

"Ipo. Nyeupe, imekaa kimya, haina neno na mtu. Pahala pazuri, pana nuru." Akashusha sauti. "Barabara zina mashimo, na jirani yetu huku ameibiwa redio ya gari. Lakini mimi sijasema. Maji ya moto yanatoka ukutani, unafungua tu. Nyinyi huko je?"

"Tumehukumiwa."

"Wote?"

"Wote."

"Kosa gani?"

"Hawakulitaja. Adhabu ni kuishi hapa."

Mtoto aliguna, nikamsikia Bi Mashavu akimpigapiga mgongo taratibu, tap, tap, tap.

"Pole, shoga," akasema. "Ngoja nimalize ya Hyuston. Nikimaliza nakuja tutumikie wote."